Mikro ya Ndege na Mistari Niliyoiruka

Alfani Salumu,
Cité ya Mangobo,
Stanleyville.
Alhamisi, tarehe 19 Septemba 1957

Kwa Waziri Salumu,
Barumbu, Léopoldville.

Mpendwa yaya wangu Waziri, kaka yangu mkubwa,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. U mzima? Na shemeji Colette, miguu imeacha kumvimba? Mhudumu mmoja wa meli alituambia kwamba mwaka huu Léo kuna homa ya kikohozi inayolaza nyumba nzima, watoto na wazazi wao. Tangu siku hiyo Mama hamalizi sala bila kulitaja jina lako. Tuandikie japo mstari mmoja, apate usingizi.

Sisi huku hatujambo. Mama ni yule yule, goti linamsumbua lakini ulimi hauna ugonjwa. Nyota mke wangu anakusalimu. Watoto wanakua, nguo hazikui. Nami afya ninayo, nashukuru Mungu, ila moyo ndio unaoniuma, na huo hauna dawa kule dispensaire.

Mvua zimeanza mapema mwaka huu. Kiberiti hakiwaki, chumvi imekuwa maji ndani ya bakuli, na viatu vyangu vya Idi nilivikuta vimeota ukungu mweupe chini ya kitanda. Mto umejaa, na samaki wamekuwa adimu sokoni. Wewe umezoea Léo sasa, labda umesahau jinsi Kisangani yetu hii, Stanleyville ya wazungu, inavyolowa.

Bon, yaya. Barua yako ya Agosti niliipata. Najua unangoja kusikia tulichagua mikro ipi ya kuimbia. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na uso wa kukujibu. Leo nitakueleza yote, tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, ili yakae mahali pamoja.

Unajua kwamba kwa miaka tisa mimi ndiye nimekuwa sauti ya orchestra yetu. Kasongo anapiga gitaa na ndiye mkubwa wetu, Désiré anapiga ngoma, na mimi naimba. Nilikuwa naimba kwa kifua changu na baragumu la bati nililokatiwa na fundi wa ndoo. Jumapili alasiri, pale bar ya Papa Évariste, uwanja ukiwa umejaa, sauti yangu ilikuwa inavuka ukuta, inavuka barabara, inawafikia wanawake wanaochota maji bombani. Sijisifu. Uliza mtu yeyote.

Halafu mwaka jana akaingia Hubert. Ni fundi cherehani, mtu wa Basoko, umri wake kama miaka ishirini na sita, mpole, mwembamba. Kasongo alimleta aitikie nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa tamu, sikatai, lakini ndogo. Mtu wa benchi la tatu alikuwa hasikii kitu. Mimi nilimpenda sana wakati huo. Ni rahisi kumpenda mtu asiyesikika.

Umeme wa maporomoko ya Tshopo ulipofika kwetu, Papa Évariste alinunua haut-parleur mbili za kukuza sauti na mashine yake, ikabaki mikro. Mwezi wa saba akatuambia kuna Mbelgiji anarudi kwao, anauza vitu vyake. Huyo Mbelgiji alikuwa akienda msitu wa Masako kunasa sauti za ndege. Alikuwa na mikro mbili. Moja ya dynamique, nzito, nyeusi, imebonyea upande mmoja kwa kuanguka. Nyingine ya condensateur, inang'aa, na ina kisanduku chake cha umeme pembeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikisikiliza ndege. Papa Évariste akasema atanunua moja tu, na tuchague sisi, kwa sababu sisi ndio tutakaoimba.

Hapo watu wote wakanigeukia mimi. Si Alfani ana yaya anayefanya kazi redio? Nikakuandikia, nawe ukajibu vizuri, kwa karatasi mbili, kama kawaida yako. Mungu akulipe. Ubaya haukutoka kwako.

Barua tuliisoma pale barazani kwa Hubert, penye cherehani yake, maana ndipo tunapofanyia mazoezi. Unajua desturi yetu. Barua ni ya mwenyewe. Yeye ndiye anayeisoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, na hakuna mtu mwenye adabu anayenyoosha mkono kutaka kuiona. Kasongo anajua kusoma kuliko mimi, lakini alikaa kwenye kigoda na kutega sikio kama wengine. Hubert hajui kusoma hata jina lake.

Wewe uliandika hivi, na karatasi ninayo hapa mbele yangu: «Kwa mahali pasipo na paa, chukueni ile ya dynamique. Ni ngumu, haiogopi vumbi wala mvua, na inavumilia mtu anayeimba kwa nguvu. Ile ya condensateur ni sikio la studio. Huku Léo tunazitumia hizo tu. Inasikia pumzi, inasikia meno, inasikia hata mate yakimezwa. Mtu anayeimba hovyo itamvua nguo mbele ya watu. Tena nje itapiga yowe ikisikia haut-parleur yake yenyewe, na unyevu wa Kisangani utaiua. Mkiichukua hata hivyo, kila siku ilazeni ndani ya bati lenye mchele uliokaangwa mkavu, mfunike vizuri.»

Nilipofika kwenye yale maneno ya kumvua mtu nguo, nilimtazama Hubert. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, anatabasamu. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, dawa yake ndiyo hii. Kwa sababu miezi ile Kasongo alikuwa ameanza kusema kwamba Hubert akipata mikro, atapewa nyimbo zake mwenyewe. Nami nilijua kwamba sauti ndogo huficha makosa. Nikaona wasikie pumzi yake, wasikie lafudhi yake ya Basoko, wasikie anavyomeza mate, tuone kama wataendelea kusema ni mtamu.

Basi niliruka mistari. Nilisoma kwamba tuchukue ile ya condensateur, kwamba ndiyo inayotumika redio, kwamba inasikia kila kitu. Mambo ya mahali pasipo na paa sikuyasoma. Yowe sikulisoma. Unyevu na mchele sikuvisoma, maana wangesikia kwamba inaogopa maji wasingeitaka. Nilikunja karatasi, nikaiweka mfukoni, nikasema ndivyo anavyosema yaya. Mikro zenyewe hatukuzijaribu hata kidogo. Nani angezijaribu, wakati redio yenyewe imekwisha sema?

Yaya, mtego wangu ulimkamata aliyeutega.

Jumapili ya kwanza mikro ilipiga yowe mpaka mbwa wakajibu. Kasongo akazihamisha haut-parleur mbele, karibu na watu, sisi tukabaki nyuma yake, ikatulia. Mimi nikaanza kuimba, kama mwimbaji mkubwa. Nikaiweka mikro mdomoni, nikafungua kifua kama ninavyofanya siku zote. Watu wakaziba masikio. Kila nikivuta pumzi, uwanja mzima ulisikia mvukuto wa mhunzi. Papa Évariste akanionyesha kwa mkono nirudi nyuma kidogo. Nikarudi. Akaonyesha tena. Nilirudi mpaka nikaegemea ngoma ya Désiré, nikawa kama jirani anayeimba nyumbani kwake. Ndipo nikajua ni nani katika orchestra ile anayeimba hovyo.

Kisha Hubert akaisogelea. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliimba kama mtu anayeongea na mtoto aliyemlaza sasa hivi, hataki aamke. Na watu wakanyamaza, yaya. Mwenye glasi aliishika mkononi. Hata pumzi zake zilikuwa zinasikika, nazo zilikuwa nzuri, na nilikuwa sijui kabisa kwamba pumzi ya mtu inaweza kuwa nzuri. Nilisimama pale nyuma na nilimwonea wivu. Sitafuti neno lingine.

Tangu siku ile sikupata raha. Watoto wanaopita na ndoo wanaimba wimbo wa Hubert. Kinyozi wangu anaimba wimbo wa Hubert huku wembe uko shingoni mwangu. Siku moja narudi nyumbani, namkuta Nyota anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuimba kwa mdomo uliofungwa. Nikamwuliza unaimba nini. Akasema haimbi. Sikula siku hiyo. Na Mama, Mama yetu mwenyewe, ambaye hajawahi kukanyaga bar, akaniuliza yule kijana wa Basoko ataimba lini kwenye arusi ya mtu wa heshima, naye aende akamsikie. Miaka tisa hakuniuliza mimi.

Kasongo akampa nyimbo nne. Mimi nikabaki na mbili, na moja ni ile ya kufungulia, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Hubert hakujivuna. Angejivuna ningepata mahali pa kumpiga. Aliendelea kuniita yaya, aliendelea kunibebea baragumu langu, ambalo sasa halina kazi. Kila tukimaliza alikuwa anauliza, yaya Alfani, leo nimekosea wapi? Nami nilikuwa namwambia hapa na hapa, mahali ambapo hakukosea. Naye anashukuru na kwenda kufanya mazoezi. Wivu ni kidonda, wanasema. Mimi nilikuwa nakikuna.

Halafu mvua zikaanza. Mikro walikuwa wanailaza stoo kwa Papa Évariste, kati ya makreti ya bia na magunia yaliyolowa maji ya barafu. Ikaanza kukohoa. Mara inatoa mlio wa mafuta yanayokaanga samaki, mara inakatika, inarudi. Jumamosi moja Kasongo alinishika mkono, akaniuliza kama yaya wangu wa redio hakusema kitu juu ya maji na unyevu. Nikamwambia hakusema. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, mfuko huu wa kushoto.

Sasa tufike kwenye Jumapili iliyopita. Tulipata habari kwamba ameshuka mzungu wa sahani za muziki, zile santuri, kutoka huko kwenu Léo. Anapita Kisangani kutafuta sauti moja. Si orchestra, sauti moja tu. Atampa nafasi melini, ataomba karatasi zake za safari kwa mkuu wa teritwari, ataitia sauti yake kwenye sahani, na nchi nzima itamsikia. Nina miaka thelathini na tisa, yaya. Unaelewa. Nafasi ya namna hiyo haitarudi kunitafuta.

Mimi niliimba wimbo wangu wa kufungulia. Mzungu alikuwa anafuta miwani. Kisha Hubert akasimama. Wimbo wa kwanza mikro ikakohoa kidogo, ikashika, na nikamwona mzungu anavaa miwani yake. Wimbo wa pili, katikati ya ubeti, ikafa. Haikupiga kelele. Ilifumba mdomo tu.

Hubert hakujua. Pale nyuma ya haut-parleur mtu haisikii sauti yake mwenyewe vizuri. Akaendelea kuimba, macho ameyafumba, midomo inakwenda, na huku mbele watu hawasikii kitu ila gitaa. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akapiga mluzi. Hubert akafumbua macho, akaona, akaendelea kuimba kwa sababu hakujua la kufanya, na sauti ikazidi kuwa ndogo kwa haya. Kasongo alinitazama. Nilijua anataka nini. Nikangoja. Nataka ulijue hilo, niliacha ubeti mzima upite, nikimtazama anavyozama, na nilikuwa nasikia utamu mdomoni.

Kisha nikatoka mbele, nikaisukuma mikro pembeni, nikafungua kifua. Uwanja ukalipuka. Nilichukua wimbo wake mwenyewe nikauimba mpaka wanawake wa bombani wakaacha ndoo. Mzungu wa sahani alisimama. Tulipomaliza akaandika jina langu kwenye kitabu chake. Meli ni Ijumaa, alisema. Sikudanganyi, nilifurahi. Nilikula sahani mbili na nikalala fofofo.

Jumatatu asubuhi Hubert akaja nyumbani, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni, na kitambaa cha kijivu kwapani, kizuri sana, ambacho najua alikuwa anajiwekea yeye mwenyewe. Akasema siwezi kufika Léo na koti langu lile la viwiko vilivyochanika, watu wa Léo watamcheka yeye, si mimi, maana wataulizia fundi. Akanisimamisha katikati ya chumba, akaanza kunipima.

Alipozungusha utepe kifuani, akasema, «Yaya, jana uliniokoa. Batu walikuwa wananicheka, ukanifunika. Ile kitu miye sitaisahau.»

Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka nikaogopa ataupima nao.

Akachora vijistari vyake kwenye kitambaa kwa chaki, kisha akasema, bila kuniangalia, «Ile mikro yaya yako alituchagulia, iko muzuri. Ni miye niliiua. Naimba karibu sana, pumzi yangu ilijaa ndani. Sitaimba tena mbele yake.»

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema amekwisha mwambia Kasongo. Atarudi kwenye cherehani, na kama tukitaka mtu wa kuitikia nyuma, bila mikro, basi ataitikia. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya vifungo. Mke wake Berthe, nilisikia baadaye, alikuwa amelia usiku kucha, yeye hapana.

Nikuambie ukweli, kwanza nilifurahi. Kitambo kidogo, lakini nilifurahi. Nilimwona amerudi nyuma yangu, mahali pake pa zamani, na mimi mbele, na mambo yamekuwa kama yalivyokuwa. Kisha akapiga magoti kupima urefu wa mguu, nikaona utosi wake, na mikono yake inavyopima kwa uangalifu, nusu kidole hapa, nusu kidole pale, ili mimi nipendeze. Ikanishinda. Nikamwambia kichwa kinaniuma, aje kesho.

Alipoondoka nilikwenda stoo kwa Papa Évariste, nikaichukua mikro. Nikamwambia Nyota anikaangie mchele. Akauliza wa kula? Nikasema wa mikro. Tulikaanga karibu sufuria nzima, tukaumwaga kwenye bati la biskuti, nikailaza mikro ndani, nikafunika, nikaweka jiwe juu. Jumanne nikaubadilisha mchele. Ndiyo sababu wiki hii mke wangu ananiita mpishi wa vyuma.

Jana, Jumatano, nikamwendea mzungu wa sahani na kumwomba aje saa tisa nyumbani kwa Papa Évariste, sebuleni, si uwanjani. Tulifunga madirisha. Tuliweka mikro kama ulivyosema inavyopenda, ndani ya kuta. Nikaenda kumwita Hubert kwa uongo, nikamwambia Papa Évariste anataka kupimwa suruali. Alipoiona mikro akataka kutoka. Nikamshika bega. Akaimba wimbo mmoja tu. Mzungu hakuomba wa pili. Alitoa kitabu chake, akakata jina langu, akauliza la kwake linaandikwaje, na Kasongo ndiye aliyemtajia herufi.

Usinidhanie mtu mwema, yaya. Nakujua, utaanza kutikisa kichwa na kusema ndugu yangu ana moyo. Kumbuka uliandika mwenyewe kwamba huko Léo mikro zote ni za namna ile. Usiku wa Jumatatu nililifikiria hilo. Ningefika studio, wangenivua nguo, wangenirudisha na meli ile ile, na Kisangani yote ingejua. Sehemu ya tendo langu ni woga. Sehemu ni utosi wa Hubert. Sijui ipi kubwa.

Na wivu haukuniacha. Nilidhani nikifanya jambo jema utaniacha. Jana jioni watu walimbeba begani, wakampitisha mbele ya mlango wangu, wakaniita nitoke nicheze nao, nikatoka, nikacheza, na nikatamani ajikwae yule anayembeba. Huyo ndiye ndugu yako. Koti amelimaliza, ameliacha kitandani kwangu, amekataa kulichukua ingawa sasa ni yeye anayesafiri. Linanikaa vizuri sana.

Lakini lililonifanya niandike karatasi zote hizi si wivu. Ni kwamba sikumwambia. Waliponiuliza nimejuaje mambo ya mchele, nilisema imekuja barua yako mpya, umenieleza. Uongo mwingine tena. Na Hubert akaninyanyua mkono mbele ya watu wote, akasema yeye alikuja Kisangani bila ndugu, sasa ana yaya wawili, mmoja hapa na mmoja redio. Ananishukuru kwa mikro niliyoichagua ili aaibike. Ananishukuru kwa ubeti ule niliomwacha azame. Nilifungua mdomo nimwambie. Mdomo huu uliovuka barabara kwa miaka tisa haukutoa kitu.

Nisalimie shemeji Colette, na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake, hasa Kadidja mdogo, nasikia anaanza shule. Nisalimie na tonton wetu Selemani wa Kintambo, mwambie Mama bado anamdai ile hadithi aliyoikatiza. Dada yetu Madina alipita kutoka Basoko mwezi uliopita, amenenepa, amefurahi, anakusalimu. Nyota anakusalimu. Mama anakuombea Mungu akuepushie homa hiyo, na akulinde na watu wa mjini, ambao kwa Mama ni watu wote wasiotoka Kisangani. Amina kwa hayo yote.

Neno la mwisho, yaya. Mtu aliyekupa barua hii mkononi, aliyesimama mbele yako sasa na kifurushi chake, ndiye Hubert. Nimemwambia ni ya kwako, ya mambo ya nyumbani, naye ameishona ndani ya shati lake isilowe melini. Mkalishe. Mpe chakula kwanza, ametoka mbali. Halafu umsomee barua hii yote kwa sauti, kama tunavyosoma kwetu. Usiruke chochote, hata pale ninapomsema vibaya, hata ule ubeti. Akiuliza kama kweli nilitaka aaibike, mwambie nilitaka. Akikasirika, ana haki, usinitetee. Akinyamaza, mwache anyamaze. Mimi huku nitaimba Jumapili kwa kifua changu, na nitangoja meli ya kurudi, sijui kama ataniita tena yaya. Msomee mpaka kwenye jina langu.

Mungu akutunze, na amtunze na yeye.

Wako akupendaye, ndugu yako mwenye wivu,
Alfani